Siku Nilipoita Maji Yakaja Mayai

Ukipita Ujiji ukasikia mtu mzima ananiita mimi mwanamume "Mama Kuku" mbele za watu, usimkemee. Ana haki. Jina hilo nililipata kazini, mchana kweupe, mbele ya mashahidi zaidi ya arobaini, na nusu yao walikuwa wamekaa chini kwa kicheko. Ninyi vijana mnaonipita na pikipiki mkilirusha jina hilo mgongoni kwangu mnadhani nilikuwa mfugaji. Sijawahi kufuga hata njiwa. Mimi nilikuwa mtu wa moto.

Miaka kumi na tisa nilifanya kazi ya kuzuia moto wa nyika kwenye milima inayolitazama Ziwa Tanganyika, kuanzia huku nyuma ya mji wetu mpaka vijiji vya kaskazini ambako barabara haifiki. Msifikirie gari jekundu lenye ngazi na mpira mrefu. Sisi tulikuwa na mapanga, majembe, matawi mabichi na miguu. King'ora nilikuwa mimi.

Shule niliiacha darasa la tano. Mwalimu alituambia ziwa letu ni miongoni mwa maziwa yenye kina kirefu kabisa duniani, nikamuuliza nani alishuka akaona. Akanichapa. Nikaona njia nzuri ya kupata jibu ni kwenda mwenyewe, nikaomba kazi ya upishi kwenye boti la wavuvi wa dagaa. Chini kabisa sikufika, ila sufuria yao moja ilifika, nami nikateremshwa kwenye mwalo wa kwanza tuliofika. Baada ya hapo nilibeba mizigo bandarini, nikachemsha chai stesheni, nikatembeza sabuni za mawese. Kila kazi niliipenda mpaka nilipoielewa. Nikishaielewa, miguu inawasha.

Siku moja natangaza sabuni mtaa wa Kasingirima, mzee mmoja mfupi akasimama mbele yangu. Alikuwa na nyusi moja tu. Ile nyingine ilishaungua na haikuota tena.

"Sauti hiyo unaitumia kwa sabuni tu?" akauliza.

"Hata kwa kugombana naitumia."

"Kesho asubuhi njoo. Na viatu."

Huyo alikuwa Mzee Gwimo, mnyapara wa kikosi chetu, Muha wa milimani. Kila ninachokijua kuhusu moto nilikipata kwake, isipokuwa kitu kimoja alichojaribu kunifundisha miaka mitatu mfululizo nikakataa. Hicho ndicho kilichoniletea kuku. Tutafika.

Kwanza mjue moto ulivyo, maana naona siku hizi mtu anaona moshi mlimani, anapiga picha, anaendelea na safari yake.

Moto ni mvivu wa kushuka, hodari wa kupanda. Ukiukuta unakuja, usikimbilie juu ya mlima, utakukuta huko unahema. Kimbilia palipokwisha kuungua. Ukiupiga na tawi, usiinue tawi juu kama mtu anayetwanga, cheche zitaruka nyuma yako na utakuwa umewasha mioto mitatu. Piga, gandamiza, buruta. Mimi wiki ya kwanza nilitwanga. Shabani, mwenzangu wa kikosini, mtoto wa Ujiji kama mimi na mchokozi kuliko mimi, akanitazama akasema, "Mzee Gwimo, huyu tumlipe na upande wa wawashaji." Suruali niliyoiunguza siku hiyo bado ninayo. Naifunga kwenye kitasa na kuvutia mlango ukivimba wakati wa masika.

Tena moto una wageni wake. Mwewe wakiuona moshi wanakuja kutoka mbali, wanazunguka mbele ya ndimi za moto wakidaka panzi wanaokimbia. Ukitaka kujua moto umeelekea wapi na huuoni, tazama mwewe wamejipanga wapi. Nyoka huingia kwenye kichuguu, kwa hiyo usikae juu ya kichuguu kupumzika. Hiyo niliambiwa baada ya kukaa. Na siku chache baada ya moto, kabla hata tone la mvua halijaanguka, kuna ua jekundu, la mviringo kama mpira, linachomoza peke yake katikati ya majivu. Nilimuuliza Mzee Gwimo nani kaliambia ua hilo kwamba nyasi zimeondoka. Akasema, "Usilichimbe." Nilikuwa nimeshalichimba. Chini lina kitu kama kitunguu.

Wawashaji nao walikuwa na mambo yao. Wapo waliowasha kwa kurina asali, wapo kwa kutafuta panya, wapo kwa kuandaa shamba wakapitiwa na usingizi. Na wapo waliowasha makusudi kupima umri: moto ukienda mbali, aliyeuwasha ataishi sana. Nilimfahamu mzee mmoja aliyeamini hivyo, na kweli aliishi sana. Waliozeeka upesi ni majirani zake.

Huku mjini, kiangazi kikikaza, majivu meusi ya nyasi yalikuwa yanashuka taratibu kwenye kamba za nguo. Watoto waliyaita kunguru wadogo. Mama mmoja wa Kasingirima alinifuata mpaka kibarazani kwangu na shuka jeupe lenye madoa.

"Wewe si ndiye wa moto?"

"Ndiye, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Fua."

Nikafua. Mtu wa moto hulaumiwa moto ukiwaka, na hulaumiwa ukizimwa vibaya.

Sasa jambo la upepo. Sikilizeni vizuri, maana kisa chote kimekalia hapa. Pwani yetu hii, siku nyingi za kiangazi, asubuhi upepo hushuka kutoka mlimani kwenda ziwani. Ikikaribia saa nne, jua likishapasha milima, upepo unageuka: unatoka ziwani, unapanda mlima. Moto uliokuwa unashuka asubuhi unasukumwa urudi juu, ambako umeshakula kila kitu, na hapo unakufa njaa. Mzee Gwimo hakuwa na saa. Alitumia pua. Ukiwa mlimani asubuhi, unanusa moshi tu. Upepo ukigeuka, unapigwa na harufu ya dagaa walioanikwa ufukweni. "Ukinusa dagaa," alikuwa akisema, "umepona."

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Wengi wenu hamkuwepo, au mlikuwa mgongoni. Boti zilikuwa zinaingia kutoka Kongo na kutoka Burundi, watu wanashuka na magodoro, vyerehani, mbuzi. Nilimwona baba mmoja Mkongomani anashuka na mlango. Mlango mtupu, na bawaba zake. Mimi na udadisi wangu nikamwendea.

"Papa, mlango bila nyumba?"

"Nyumba nitajenga, ndugu yangu. Mbao kama hii nitaipata wapi?"

Nilimheshimu mtu yule.

Kule Mwamgongo, kaskazini, walikuwa wamefika Warundi kwa miguu na kwa mitumbwi. Wakawa wanasubiri boti la kuwapeleka mjini, na kutoka mjini kambini. Wakati wakisubiri walijenga vibanda kumi na vinne vya nyasi pembezoni mwa kijiji, chini kabisa ya mlima. Nyasi kavu juu, nyasi kavu ubavuni, na nyuma yake mlima mzima wa nyasi kavu. Mzee Gwimo aliposikia habari zake akasema, "Hivyo si vibanda, hiyo ni mienge." Tukapanda boti siku hiyo hiyo, watu kumi na mmoja, kwenda kufyeka barabara ya moto juu ya vibanda vile. Barabara ya moto ni ukanda wa ardhi unaoondolewa nyasi zote mpaka udongo, ili moto ukifika ukose cha kula.

Tulifyeka mpaka jioni. Tukamaliza nusu.

Asubuhi yake, saa moja na nusu, moshi ukatokea kwenye ukingo wa mlima. Mrina asali aliacha mwenge wake juu huko. Upepo ulikuwa unashuka. Na moto, niliowaambia ni mvivu wa kushuka, ukisukumwa na upepo uvivu wake unapungua sana.

Wenyeji wa kijiji walikuwa ng'ambo ya korongo wakiihami michikichi yao. Vibanda vilikuwa vyetu.

"Tuushikilie kwenye barabara mpaka saa nne," Mzee Gwimo akasema. "Ile nusu tusiyofyeka tutailowesha. Wewe mwenye mdomo, nenda vibandani, wanawake wote wapande na maji. Waambie kwa Kiha. Kiha na Kirundi ni ndugu, watakuelewa."

Hapa niwaeleze kile nilichokataa kujifunza. Mzee Gwimo miaka mitatu alinifundisha Kiha. Kila asubuhi neno moja. Nami kila jioni nalisahau makusudi. Mimi mtoto wa Ujiji, mama yangu alinizaa kwa Kiswahili, akanilaza kwa Kiswahili. Sisi wa Ujiji tulikuwa tunaona kwamba Kiswahili kilipofika kutoka pwani kilipumzika kwetu, na wa milimani tukawacheka wakisema "Mwakeye" badala ya "Habari za asubuhi". Ujinga huo tuliuita ustaarabu.

"Mzee," nikamwambia, "maji ni maji. Nani duniani asiyejua maji?"

Alinitazama na ile nyusi moja. Hakuwa na muda wa kubishana.

Nikashuka na kipaza sauti changu. Kilikuwa pembe ya mkononi, ya kula betri sita, na betri zilikuwa zimechoka. Kila siku nilizianika juu ya bati ili zipate nguvu, na kweli zilikuwa zinapata, lakini nguvu ya kukoroma. Ukisema "ndugu wananchi", kinatoka kitu kama chura kwenye mtungi. Nikasimama katikati ya vibanda, nikavuta pumzi.

"LETENI MAJI! KILA MMOJA ALETE MAJI! MAJI YOTE! HARAKA!"

Wanawake wakatazamana. Mmoja akamnong'oneza mwenzake. Nikarudia, nikanyosha kidole mlimani. Wakaingia vibandani mbio. Nikasema moyoni, unaona, Mzee? Kiswahili.

Wakatoka na vikapu vichwani, vimefunikwa nguo. Sikujiuliza kwa nini vikapu. Moto unakuja, wewe unakagua vyombo? Mmoja tu alichelewa, bibi mmoja mwembamba, kibanda cha mwisho. Ndani ya kibanda chake kuku alikuwa analia kama anachinjwa. Nikamwelekezea pembe usoni.

"BIBI, NA WEWE! USIFICHE! NAJUA UNAYO MAJI!"

Akatoka polepole, kikapu amekishika kwa mikono miwili kifuani. Hakunitazama.

Nikatangulia. Nilipanda mlima ule kama kiongozi wa bendi, pembe begani, nyuma yangu wanawake thelathini na zaidi katika mstari. Nikageuka mara moja tu, nikaona wanavyotembea, taratibu, shingo zimenyooka, hakuna hata tone linalodondoka. Nikawasifu kimoyomoyo. Wanawake wa kwetu wangekuwa wameshamwaga nusu.

Tulipofika juu moto ulikuwa umbali wa uwanja mmoja wa mpira kutoka kwenye barabara. Wenzangu walikuwa wanafyeka kama vichaa. Mzee Gwimo akaja mbio, uso mweusi kwa masizi.

"Maji yako wapi?"

"Hayo hapo, Mzee!" Nikanyosha mkono kama mtu anayefungua pazia.

Akafunua kikapu cha kwanza. Akafunua cha pili. Akatia mkono, akatoa yai. Akalitazama, akanitazama, akalitazama tena.

"Umeagiza kifungua kinywa?"

Shabani alidondosha panga. Alicheka mpaka akapiga magoti, moto nyuma yake unanguruma. "Mayai! Jamani, kaleta mayai! Tuukaange!"

Mzee Gwimo akawageukia wanawake akasema nao kwa Kiha, wakamjibu kwa Kirundi, wakielewana kama watu wa nyumba moja. Kisha akanigeukia, na hiki nakikumbuka neno kwa neno.

"Kwao maji ni amazi. Na amagi, ambalo kwa masikio ni kama 'maji', ni mayai. Wewe umesimama na pembe lako lenye mafua unapiga kelele 'maji, maji', wao wamesikia nini?"

Nikachungulia vikapu vilivyobaki. Kila mmoja alikuwa ameleta alichokuwa nacho. Yai moja, mawili, matatu. Bibi yule wa mwisho alikuwa na kumi na moja.

Neno "leta" hawakuhitaji kufasiriwa. Walilijua vizuri mno. Bibi yule, jina lake Nyandwi, akasema jambo kwa sauti ya chini, na Mzee Gwimo akanifasiria bila kunitazama. "Anasema njia nzima, kila aliyekuwa na bunduki au chombo cha kelele aliwaambia leta. Wa kwanza alitaka mbuzi. Wa pili alitaka redio. Wewe ulipotaka mayai, aliona una nafuu."

Shabani aliacha kucheka.

"Hayo kumi na moja si ya kula," Mzee Gwimo akaendelea. "Alikimbia na kuku mmoja kwenye kikapu. Huyo kuku ndiye boma lake lote sasa. Mayai yanaatamiwa, leo siku ya kumi na tano. Umemfanya amwondoe kuku juu ya mayai."

Basi ndugu zangu, moto unaweza kukuunguza kabla haujafika.

Wanawake walishaelewa. Kicheko kiliwapasua, na papo hapo wakaweka mayai ya kula kwenye kivuli cha jiwe, wakateremka mbio kuchota amazi yenyewe. Lakini kushuka na kupanda na ndoo si mchezo, na moto haukuwa na subira. Bibi Nyandwi hakuwa na miguu ya kushuka. Alisimama pale, akautazama moto, akaitazama ile nusu isiyofyekwa, kisha akanyosha kidevu kuelekea kwenye bonde dogo pembeni. Palikuwa na shamba la migomba.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema tunatafuta maji ziwani na maji yamesimama pale."

Mgomba, kama hujawahi kuukata, ni ndoo iliyosimama wima. Shina lote ni maji. Shabani na wengine wakalivamia shamba, wakawa wanakata mashina vipande vya urefu wa mkono, wanabeba begani, maji yanawachuruzika mpaka kwenye visigino. Bibi mwenyewe alionesha namna: shina unalipasua katikati, unalipiga chini upande wa ndani, linaugandamiza moto na kuunywesha kwa wakati mmoja. Tawi letu la miaka yote lilikuwa linaufukuza moto. Shina la mgomba linaukalia.

Nami nikaokota kipande nikitaka kukimbilia mstari wa mbele, angalau niungue niheshimike.

"Wewe simama hapo!" Mzee Gwimo akafoka. "Panda jiwe hilo, chukua pembe, uwaongoze wanawake waje upande upi. Uite vizuri. Sema: amazi."

"Amazi."

"Tena."

"Amazi, Mzee."

Bibi Nyandwi alikuwa ananikaribia na kikapu chake. Alitaka mikono yake yote miwili kwa ajili ya mgomba. Akanitazama tumboni, akasema neno, na Mzee Gwimo kwa mara ya kwanza asubuhi ile akacheka.

"Anasema tumbo lako lina joto na halina kazi."

Kabla sijaelewa, bibi alishafungua vifungo vyangu viwili. Shati langu lilikuwa limechomekwa kwenye suruali, mkanda umekaza. Akaanza kuyatia mayai ndani, moja moja, akayapanga kuzunguka tumbo kama mtu anayepanga vikombe kabatini. Kumi na moja. Akanifunga vifungo. Akanipiga kofi dogo shavuni, kofi la mama.

"Uliyaita, yaatamie," Mzee Gwimo akasema. "Ukivunja moja, tunakuacha Mwamgongo."

Hivyo ndivyo nilivyopigana na moto mkubwa kuliko yote niliyoiona: nimesimama juu ya jiwe, miguu imetanuka, pumzi nusu nusu, siinami, sikohoi, moshi unaniingia machoni na sithubutu kupiga chafya, huku naita kwenye pembe, "Amazi! Huku kushoto! Amazi!" Mayai yakinitelezea kila nikivuta hewa. Shabani akipita mbio na mgomba begani hakukosa la kusema. "Mama Kuku, umekula leo?" Akirudi, "Mama Kuku, usisahau kuyageuza!"

Na kweli hugeuzwa. Kuku huyageuza mayai yake kwa mdomo mara nyingi kwa siku. Nikayageuza. Kwa vidole, kupitia kwenye kitambaa, taratibu, ndimi za moto ziko hatua arobaini. Kama mnataka kujua uoga una sura gani, hiyo.

Moto ulifika kwenye barabara. Pale tulipofyeka ulisimama, ukahangaika huku na huku kama mbuzi aliyefika ukingoni mwa mto. Pale pasipofyekwa uliingia. Wakaukalia na migomba, ukazuka pembeni, wakaukalia tena. Ndoo za kwanza zikafika, zikamwagwa. Kipande cha nyasi kinachowaka kikaruka juu ya vichwa vyetu, kikashuka kwenye paa la kibanda cha tatu, na mwanamke mmoja aliyekuwa njiani na ndoo akaitupa ndoo nzima juu ya paa, maji na ndoo yenyewe. Paa likatoa moshi mweupe, likatulia.

Hapo nikanusa.

Ilikuja kidogo, ikapotea, ikaja tena. Harufu ya samaki na jua. Nilipagawa. Nikasahau mayai, nikasahau Kirundi, nikanyanyua pembe, nikalia kwa nguvu zote:

"DAGAA! DAGAA! JAMANI, DAGAA!"

Mstari mzima wa wanawake ukasimama. Mmoja akaweka ndoo chini, akashika kiuno, akamgeukia Mzee Gwimo akamwuliza kitu kwa ukali. Mzee Gwimo alicheka mpaka akajishikilia kwenye jembe.

"Anauliza, sasa anataka na dagaa?"

Mlima mzima ulicheka. Tulikuwa tunacheka na kupiga moto, kupiga moto na kucheka, na upepo wa ziwa ukazidi, ukaushika moto shingoni ukaurudisha kule ulikotoka, juu, kwenye majivu yake wenyewe. Saa nne na ushei ulikuwa umebaki moshi. Vibanda kumi na vinne vilikuwa vimesimama.

Kushuka ndiko kulikonipa jina. Nilitembea mbele kama bibi harusi, hatua fupi, mikono imekumbatia tumbo, Bibi Nyandwi ubavuni amenishika kiwiko, na nyuma yetu watu wote wanapiga vigelegele na Shabani anaongoza wimbo wa kumpeleka mwali. Tulipofika kibandani bibi akayatoa mayai moja moja. Lilikuwa zima la kwanza, la pili, la tano. Yote kumi na moja. Kuku akaja mbio, akayakagua, kisha akanidonoa mkono damu ikatoka. Alama hii hapa. Nilistahili.

Mwenye shamba la migomba? Alipoona mabaki alikaa chini akashika kichwa. Kesho yake wanawake wale walikwenda kumpalilia shamba lililobaki na kupanda machipukizi mapya, bila kuambiwa leta na mtu. Mimi nilipangwa upande wa kubeba samadi.

Tuliporudi mjini habari ilikuwa imeshafika kabla yetu, maana boti la dagaa lina mwendo kuliko boti la wafanyakazi. Mtoto wa kwanza kuniita Mama Kuku alikuwa bandarini, hata kamba hatujafunga. Mzee Gwimo kesho yake asubuhi akanipa neno la Kiha kama kawaida. Jioni nikamrudishia, na matumizi yake. Akanipa mawili.

Siku ya saba nahodha mmoja aliyetoka kaskazini akanipigia mluzi gatini. "Kuna salamu zako. Bibi mmoja anasema uje uwaone wanao kabla boti la kambi halijamchukua."

Nikaenda. Njia nzima, saa zote zile kwenye maji, nilikuwa nafanya mazoezi kwa sauti, abiria wananitazama. Nilifika kibandani jua kali, koo limekauka. Bibi Nyandwi alikuwa ameketi mlangoni, na miguuni pake vifaranga tisa, wa manjano na weusi, wanamkimbilia mama yao nilipokaribia. Mawili hayakuanguliwa. Akanionesha kwa vidole: tisa. Kisha akanipigapiga tumboni. Nikachuchumaa pale kwa muda mrefu, kimoja kikapanda juu ya kiatu changu.

Baadaye nikakumbuka kiu. Nikasimama vizuri, nikamtazama usoni, nikasema polepole, kila silabi mahali pake, kama Mzee Gwimo alivyonifundisha kuomba maji:

"Mumpe amazi."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, akainuka, akaingia ndani. Nikasikia sufuria inagongwa. Akatoka na sahani, akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili, uso mkavu kabisa.

Yai moja, la kuchemsha, limeshamenywa.

Nikalila lote, nikashukuru. Kiu hiyo nilirudi nayo Ujiji.